Jinsi ya kukokotoa umbali wa ndege kati ya viwanja viwili

Uliza watu watatu ni kilomita ngapi kwa ndege kutoka New York hadi London. Mmoja atakuambia 5,540, wa pili 5,554, wa tatu 5,680, na huenda hakuna aliyekosea. Wa kwanza kaichukulia dunia kama tufe lililo duara kamili. Wa pili kakumbuka kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Wa tatu kaongeza mizunguko ambayo ndege hulazimika kupiga inapoondoka na inapotua. Kwa hiyo kabla hujashika kikokotoo, jua kwanza hilo jibu unalipeleka wapi.

Hatua ya 1: Jua unautakia nini umbali huo

Tuseme umecheleweshwa na ndege Ulaya na unataka kujua fidia yako iko daraja gani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inagawa safari kwa mipaka ya kilomita 1,500 na 3,500, na kipimo chake ni mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia. Njia ambayo ndege imepita kweli haihesabiwi. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliweka wazi kwamba hata ukiwa umebadilisha ndege njiani, umbali unapimwa kutoka ulikoanzia hadi mwisho wa safari, moja kwa moja. Ukijumlisha vipande viwili vya safari utapata namba kubwa zaidi, na haitakusaidia kitu.

Anayehesabu pointi za abiria wa mara kwa mara, kwenye mashirika yanayotoa pointi kwa umbali, hufanya kinyume: kila kipande hupimwa peke yake, kisha vinajumlishwa. Anayekadiria hewa ya ukaa anachukua mstari mfupi na kuuongezea kiasi kilichopangwa, ambacho tutakifikia. Na anayetaka kujua atakaa angani saa ngapi, huyo umbali peke yake haumtoshi, kwa sababu upepo nao una usemi wake.

Wote hawa lakini wanaanzia mahali pamoja: umbali wa duara kuu, yaani urefu wa ule mstari mfupi juu ya uso wa dunia.

Hatua ya 2: Hakikisha kiwanja ndicho

Usitafute kwa jina la mji. Tafuta kwa msimbo wa kiwanja. Kila kiwanja kikubwa kina msimbo wa herufi tatu wa IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege), ule unaouona kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi, na msimbo wa herufi nne wa ICAO (Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga) wanaoutumia marubani na waongoza ndege. Kiwanja cha John F. Kennedy cha New York ni JFK kwa IATA na KJFK kwa ICAO. Heathrow ya London ni LHR na EGLL.

Miji mikubwa ina viwanja kadhaa, na ipo misimbo ya mji mzima, kama LON kwa London na NYC kwa New York. Hiyo haina nukta moja kwenye ramani, kwa hiyo haifai kwa hesabu hii. Halafu kuna majina pacha. Sydney ya Australia ni SYD. Sydney nyingine iko Nova Scotia, Kanada, na msimbo wake ni YQY. Wapo abiria waliowahi kukata tiketi ya YQY wakidhani wanakwenda kuona jumba la opera. Birmingham nayo iko Uingereza (BHX) na iko Alabama, Marekani (BHM). Kama umeandika jina tu, programu inaweza kukuchagulia pacha usiyemtaka, na wala haitakuuliza.

Hatua ya 3: Pata viwianishi na uviandike kwa namna moja

Viwianishi ni namba mbili: latitudo na longitudo. Kwenye simu, fungua Google Maps, bonyeza na ushikilie katikati ya kiwanja hadi alama itokee, nazo namba zitaonekana. Rasmi, kila kiwanja kina nukta yake ya marejeo ambayo mamlaka za anga huichapisha, kwa kawaida karibu na katikati ya njia za kurukia. Nukta yako ikitofautiana na hiyo kwa mita mia chache, usihangaike. Kwa safari ya maelfu ya kilomita, tofauti hiyo inamezwa na makosa mengine yote.

Mara nyingi utakuta namba zimeandikwa kwa nyuzi, dakika na sekunde. JFK, kwa mfano, ni 40°38′23″ kaskazini na 73°46′44″ magharibi. Zigeuze ziwe desimali: dakika gawa kwa 60, sekunde gawa kwa 3,600, kisha jumlisha zote kwenye nyuzi.

40 + 38/60 + 23/3,600 = 40.64
73 + 46/60 + 44/3,600 = 73.78

Kosa la kawaida hapa ni kuandika 40.3823, yaani kuondoa alama na kuweka nukta. Linaonekana dogo, ila limekusogeza karibu kilomita 29 kusini.

Halafu alama. Kaskazini ni chanya, kusini ni hasi. Mashariki ni chanya, magharibi ni hasi. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu kikokotoo hakitakulalamikia hata kidogo. Chukua Cairo, iliyo nyuzi 30.12 kaskazini, na Johannesburg, iliyo nyuzi 26.13 kusini. Umbali wao ni kama kilomita 6,260. Ukisahau ile alama ya kutoa mbele ya 26.13, unaihamishia Johannesburg kaskazini mwa ikweta na jibu linakuwa kama kilomita 540. Bara zima limepotea kwa kistari kimoja.

Kwa mfano wetu basi tunazo:

JFK: latitudo 40.64, longitudo −73.78
LHR: latitudo 51.48, longitudo −0.46

Hatua ya 4: Kokotoa duara kuu

Mtu aliyezoea ramani ya ukutani anaweza kudhani kwamba angeweka rula tu na kazi ikaisha. Ramani nyingi za dunia zinafuata au kuiga mtindo wa Mercator wa mwaka 1569, ambao unavuta nchi kadiri unavyosogea kwenye ncha. Rula juu ya ramani hiyo haipimi kilichopo ardhini.

Tazama New York na Madrid. Zote ziko karibu nyuzi 40 na nusu kaskazini, kwa hiyo kwenye ramani mstari kati yao umelala kabisa, na macho yanakuambia njia fupi ni kwenda mashariki tu bila kupinda. Ukishika latitudo hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho utatembea kama kilomita 5,930. Njia fupi ya kweli ni kama 5,760, na inapanda kaskazini hadi kama nyuzi 46 katikati ya Atlantiki kabla ya kushuka tena. Ndiyo maana kwenye skrini iliyo mbele ya kiti, njia ya ndege huonekana imepinda kama upinde. Haijapinda, ramani ndiyo iliyonyooshwa.

Njia hiyo fupi ni kipande cha duara kuu, yaani duara linalopatikana ukiikata dunia katikati kupitia viwanja vyote viwili na kiini chake. Fomula inayotumika sana inaitwa haversine. Ukiiona mara ya kwanza inatisha, lakini ni hatua tano fupi, na simu yoyote yenye kikokotoo cha kisayansi inaitosha. Weka kikokotoo kwenye nyuzi (DEG).

Kwanza, tafuta tofauti ya latitudo, igawe kwa mbili, tafuta saini yake (kitufe cha sin), kisha zidisha jibu kwa lenyewe. 51.48 toa 40.64 ni 10.84, nusu yake 5.42, saini yake 0.09446, mara yenyewe ni 0.00892.

Pili, fanya vivyo hivyo kwa longitudo. Kutoka −73.78 hadi −0.46 ni 73.32, nusu yake 36.66; saini yake 0.59707, mara yenyewe ni 0.35649.

Tatu, zidisha jibu hilo la pili kwa kosaini (kitufe cha cos) za latitudo zote mbili. Kosaini ya 40.64 ni 0.7588 na ya 51.48 ni 0.6228. Ukizidisha zote tatu unapata 0.16847. Hatua hii ndiyo inayokumbuka kwamba nyuzi za longitudo hubanana kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini. Bila hiyo, nyuzi moja ya longitudo London ingehesabiwa sawa na ya ikweta.

Nne, jumlisha jibu la kwanza na la tatu: 0.00892 + 0.16847 = 0.17739. Tafuta kipeuo cha pili: 0.42118. Kisha bonyeza saini kinyume (kitufe chenye sin⁻¹) na uzidishe kwa mbili. Utapata nyuzi 49.82. Hiyo ndiyo pembe kati ya viwanja viwili ukivitazama kutoka kiini cha dunia.

Tano, geuza pembe iwe kilomita. Nusu kipenyo cha wastani cha dunia ni kilomita 6,371, na kwa kipimo hicho kila nyuzi moja ya duara kuu ina kilomita 111.195. Zidisha 49.82 kwa 111.195, unapata kama kilomita 5,540.

Angalizo kuhusu hatua hii ya mwisho. Vitabu vingi vinasema «zidisha kwa 6,371». Ni sahihi, lakini tu kama pembe yako iko kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe), si nyuzi. Ukichanganya, jibu la New York hadi London linakuwa kilomita 317,000 na ushee, karibu ufike mwezini. Kwa kikokotoo cha simu, 111.195 ni salama zaidi.

Kama una Excel au Google Sheets

Weka latitudo ya kiwanja cha kwanza kwenye A2 na longitudo yake B2. Za kiwanja cha pili A3 na B3. Kisha bandika hii kwenye kisanduku kingine chochote:

=2*6371*ASIN(SQRT(SIN(RADIANS(A3-A2)/2)^2+COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(A3))*SIN(RADIANS(B3-B2)/2)^2))

Excel inafikiri kwa radiani siku zote, ndiyo maana RADIANS imejirudia pale kila penye nyuzi. Ukiondoa hata moja, jibu litatoka, na litakuwa upuuzi.

Je, safari ikivuka mstari wa tarehe katika Pasifiki? Auckland iko longitudo 174.79 na Los Angeles −118.41, tofauti inakuwa nyuzi 293. Kwa mkono ungeitoa kwenye 360 ubaki na 66.8. Fomula hii haihitaji msaada huo, maana saini ya nusu ya 293.2 na ya nusu ya 66.8 zikishazidishwa zenyewe kwa zenyewe zinatoa jibu lile lile. Iache ifanye kazi yake.

Hatua ya 5: Amua kama unahitaji usahihi zaidi

Dunia si duara kamili. Kutoka kiini hadi ikweta ni kilomita 6,378.1, kutoka kiini hadi ncha ni 6,356.8. Hesabu ya haversine inapuuza hilo, na kosa lake kwa kawaida halizidi nusu ya asilimia. Kwa New York na London ni kilomita 14 hivi: 5,540 kwa tufe, 5,554 kwa umbo halisi. Ukikuta programu inakupa 5,546, yaelekea imetumia nusu kipenyo cha ikweta badala ya wastani.

Anayetaka umbo halisi hutumia njia ya Thaddeus Vincenty ya mwaka 1975, ambayo hurudia hesabu mara kadhaa hadi jibu litulie. Kwa mkono ni adhabu. Tumia tovuti kama Great Circle Mapper: unaandika JFK-LHR, inakupa umbali na kukuchorea njia. Binafsi naona kwa mtu wa kawaida hakuna haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo, isipokuwa safari yake imeangukia karibu kabisa na mpaka wa kisheria, mfano kilomita 1,497 au 3,505. Hapo nusu ya asilimia ina thamani ya fedha, na tufe halitoshi.

Hatua ya 6: Geuza kipimo

Kuna aina mbili za maili na watu huzichanganya kila siku. Maili ya baharini, ambayo ndiyo ya marubani, ni mita 1,852 kamili tangu mkutano wa kimataifa wa Monaco mwaka 1929. Maili ya nchi kavu, ambayo mipango mingi ya pointi za abiria huitumia, ni mita 1,609.344. Kwa hiyo kilomita 5,554 ni maili 2,999 za baharini lakini maili 3,451 za nchi kavu. Ukiona «maili» bila maelezo, angalia nani kaandika.

Maili ya baharini ina faida moja nzuri: ni karibu sawa na dakika moja ya duara kuu. Ile pembe yetu ya 49.82 ukiizidisha kwa 60 unapata 2,989 papo hapo, bila kugusa nusu kipenyo.

Hatua ya 7: Kutoka mstari mfupi hadi njia ya kweli

Ndege hairuki kutoka nukta hadi nukta. Inaruka kuelekea upande ulioruhusiwa na upepo, inageuka, inafuata njia ya kuondokea, na ikikaribia inapangwa foleni na nyingine. ICAO, katika mbinu ya kikokotoo chake cha hewa ya ukaa huongeza kilomita 50 kwa safari zilizo chini ya kilomita 550, kilomita 100 kwa zile za kati ya 550 na 5,500, na 125 kwa zinazozidi hapo. Ukichukua 5,554 ukaongeza 125, unapata ile 5,680 ya yule mtu wetu wa tatu.

Ona kwamba kwa safari fupi nyongeza hiyo ni mzigo mkubwa. Kilomita 50 juu ya safari ya 300 ni sehemu moja ya sita. Kwa safari ya 10,000, kilomita 125 hazionekani.

Kimo cha ndege je? Watu huuliza sana. Ukiwa kilomita 11 juu, duara lako ni kubwa kidogo, lakini kwa asilimia 0.17 tu, yaani kilomita 9 au 10 katika safari yetu. Iache.

Jambo ambalo huwezi kuliacha ni anga iliyofungwa. Urusi ilipofunga anga yake kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ikichukua muda wa saa 9 hadi 10, ilifikia 13 hivi, kwa kuwa ndege zilianza kuzunguka kusini au kupita juu ya Ncha ya Kaskazini. Duara kuu kati ya miji hiyo halikubadilika hata mita moja. Pia ndege za injini mbili hupangiwa njia ambayo daima ina kiwanja cha dharura ndani ya muda uliowekwa, na juu ya bahari pana hilo huweza kuisogeza nje ya mstari mfupi. Kwa safari maalumu, njia bora ni kufungua Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege, na kutazama ndege za siku zilizopita zilipita wapi.

Kukadiria muda, gawa umbali kwa 870 na uongeze nusu saa ya kupaa na kushuka. New York hadi London inatoka kama saa 6 na dakika 50 hivi, ambayo ni karibu na ukweli kwa kwenda mashariki. Kurudi, ongeza saa moja, maana upepo mkali wa juu wa Atlantiki huvuma kutoka magharibi. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyopewa jina la Ciara, ndege ya Boeing 747 ilimaliza safari hiyo kwa saa 4 na dakika 56.

Hatua ya 8: Lipime jibu kabla ya kulitumia

Zidisha tofauti ya latitudo kwa 111. Umbali wako hauwezi kuwa chini ya hapo kwa kiasi cha maana, hata longitudo zikiwa sawa. Kwa JFK na LHR ni kama 1,200, na 5,540 iko juu, kwa hiyo tunaendelea.

Kama una tufe la darasani, nyoosha uzi kati ya viwanja viwili, uweke alama, kisha uzungushe uzi huo huo kwenye ikweta uone umechukua sehemu gani ya duara zima. Ikweta ina kilomita 40,075. Chukua sehemu hiyo hiyo. Hutapata zaidi ya makadirio, ila utajua kama umekosea kwa maelfu.

Na hakuna viwanja viwili duniani vilivyoachana kwa zaidi ya nusu ya mzunguko wa dunia, kama kilomita 20,015. Jibu likizidi hapo, angalia kwanza kama umechanganya nyuzi na radiani. Likiwa dogo kuliko ulivyotarajia, rudi kwenye alama za kusini na magharibi.